Jibu: Nani aliandika makala ile ya Household Words?

Ndugu, umeuliza utamjuaje mwandishi wa makala ya 1853 isiyo na jina lake, iliyotoka Household Words, jarida la kila wiki la mwandishi Mwingereza Charles Dickens. Una bahati. W. H. Wills, msaidizi wa Dickens, aliweka daftari la ofisi akiandika kila makala, mwandishi wake na kiasi alicholipwa. Daftari hilo lipo Chuo Kikuu cha Princeton, na Anne Lohrli alilitolea kitabu mwaka 1973. Anzia hapo.

Tafadhali usikisie kwa mtindo wa lugha peke yake. Dickens alizifanyia makala za wenzake marekebisho mazito, hivyo sentensi inayonukia Dickens inaweza kweli kuwa yake, ila ndani ya kazi ya mtu mwingine. Wengi wameteleza hapo.

Kwa majarida mengine ya zama hizo, kama Blackwood's na Quarterly Review, tumia Wellesley Index, faharasa ya waandishi wa majarida ya Uingereza, inayoanzia 1824 hadi 1900. Jarida la Athenaeum halimo, huko utahitaji nakala za ofisini zenye majina ya wahakiki yaliyoandikwa kwa mkono, ambazo zimehifadhiwa chuo kikuu cha City St George's, University of London.

Weka hapa tarehe ya toleo na kichwa cha makala, tutafute pamoja.