Anajua kila kitu, ila hafanyi: maswali na majibu kuhusu ubongo wa mbele

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Igombe, Mwanza. Mume wangu ana miaka 38, ana mitumbwi miwili ya dagaa. Miezi minane iliyopita alianguka na bodaboda bila kofia, akazimia kama nusu saa. CT scan ilitoka safi, akaruhusiwa. Tangu hapo si mtu yule. Alikuwa mpole, sasa anatukana mbele ya wakwe. Pesa ya mauzo ya wiki alinunulia redio tatu siku moja. Ukimuuliza giza (siku zisizo na mbalamwezi, tunapovua dagaa) linaanza lini, nani anadaiwa, mafuta lita ngapi, anajibu bila kukosea, lakini asubuhi anakaa tu kitandani mpaka asukumwe. Juzi alikula samaki aliyeharibika wakati sisi wote tumekimbia harufu. Ndugu zake wanasema ni jeuri, wengine wanasema amelogwa. Ubongo unaweza kufanya hivi na picha iwe safi? Watoto watarithi? Na kaka zake wanataka arudi ziwani giza lijalo.

JIBU: Marahaba dada, na poleni sana.

Huyo samaki umemtaja mwishomwishoni, lakini mimi naanza naye. Nyuzi za kunusa hutoka juu ya pua, hupenya vitundu vya mfupa mwembamba kama chujio la chai, ndipo huingia kwenye ubongo. Hapohapo juu yake, nyuma ya paji la uso na juu ya macho, umelala upande wa chini wa ubongo wa mbele. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, na ulivyo laini, unafanana na mtindi ulioganda kuliko nyama. Kichwa kikigonga lami, fuvu husimama, ubongo huendelea na safari. Sakafu ya mfupa pale mbele ina kingo na matuta, ubongo hujikwaruza juu yake, na zile nyuzi hukatika kama mizizi ya mchicha unaong'olewa. Ndiyo maana mgonjwa wa ajali akiniambia chakula hakina ladha siku hizi, nampima ubongo wa mbele hata kama hakuja kwa ajili hiyo.

Mjaribuni nyumbani. Afumbe macho, umsogezee kahawa, kisha ganda la chungwa, kisha dagaa wakavu, tundu moja la pua likiwa limezibwa. Usitumie spiriti wala dawa ya kuchua. Hizo huwasha, na muwasho hupita kwenye mshipa mwingine kabisa, kwa hiyo atakwambia "nasikia" kumbe harufu haisikii.

Kuhusu picha safi: CT scan huona vizuri mfupa uliovunjika na damu iliyovuja. Nyuzi nyembamba zilizovutika na kukatika ndani ya ubongo nyingi haizioni. MRI, kipimo kingine cha picha kinachotumia sumaku, huona zaidi, ingawa nayo si zote. "Safi" ilikuwa na maana kwamba siku ile hapakuwa na damu ya kumkimbiza chumba cha upasuaji, basi. Hapo sisi madaktari tuna lawama, maana neno hilo tunalitoa tukiwa mlangoni na familia inalibeba mwaka mzima.

Sasa kiini cha barua yako, kwamba anajua ila hafanyi. Shemeji zako wanaona huo ndio ushahidi wa jeuri. Mimi naona kinyume chake. Anayoyajua mtu hayakai sehemu moja. Yametawanyika, mengi pembeni na nyuma ya ubongo, na kwa majibu anayokupa, huko kwake hakujaumia. Ubongo wa mbele kazi yake ni kulichukua lile unalolijua na kuligeuza tendo kwa wakati wake, na kulizuia lisilofaa kabla halijatoka mdomoni. Injini ya mtumbwi inaweza kuwa nzima na tangi limejaa, lakini haiwaki mpaka mtu avute kamba. Kwa mumeo aliyeumia ni mvuta kamba. Na breki nayo imelegea, ndiyo hayo matusi na hizo redio tatu.

Alexander Luria, mtaalamu wa Kisovieti aliyehudumia askari waliojeruhiwa kichwani katika Vita vya Pili vya Dunia, alieleza wagonjwa waliorudia agizo neno kwa neno, na mkono wasiuinue. Mimi kliniki natumia meza tu. Namwambia mgonjwa: nikigonga mara moja, nawe gonga mara moja, nikigonga mara mbili, usigonge. Ananirudishia maelezo bila kosa. Nagonga mara mbili, naye anagonga mbili. "Aa, nimekosea." Nagonga tena mbili, anagonga tena mbili, huku anatikisa kichwa kwa kujishangaa. Natamani shemeji zako wangekuwepo chumbani wakati huo.

Katika habari hizi lazima utasikia jina la Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Marekani. Septemba 1848 baruti ililipuka, na chuma kirefu kupita mita moja, chenye kilo 6 hivi, kikaingia chini ya shavu la kushoto kikatokea utosini. Alipona, akatembea, akaongea. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Mimi hunivutia ya baadaye: alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Kila siku ratiba ileile, kuandaa farasi, kushika njia. Wapo watafiti wanaoona kwamba ratiba ile ilimfanyia kazi ambayo ubongo wake haukuiweza tena peke yake.

Nawe mtengenezee ratiba. Kumsema hakusaidii, anayajua yote utakayomwambia. Saa ya kuamka isibadilike, simu ilie, na kazi iwe moja kwanza ndipo nyingine. Pesa ya mauzo ishikwe na wewe au mtu mnayemwamini, yeye apewe ya siku. Akianza kupandisha sauti mbele za watu, msibishane naye pale. Mwite nje kwa jambo dogo.

Watoto hawatarithi, jeraha halirithiwi. Suala la kulogwa sitabishana nalo, ila asinyweshwe dawa msizozijua, na pombe asiguse kabisa: ubongo ulioumia hulewa upesi, na pombe huamsha kifafa. Maumivu ya kichwa yakizidi siku hadi siku, akisinzia ovyo, mkono au mguu ukilegea, au akipata kifafa, msingoje miadi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kama hakuna hayo, bado ombeni rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, na hilo la samaki mlitaje kwa daktari. Nafuu kubwa huja miezi sita ya mwanzo, kisha huendelea polepole hata kupita miaka miwili, kwa hiyo miezi minane bado ni mapema kumkatia tamaa.

Ziwani usiku, giza lijalo, hapana. Upepo anaujua kuliko mimi, lakini siamini kwamba ule wakati wa kusema "tugeuze, turudi" ukifika atasema, na kifafa kikimkuta majini hakuna wa kumwahi. Aanzie mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia: kuanika dagaa asubuhi, kugeuza, kuanua kabla mvua haijashuka, kuhesabu magunia. Usimwambie "nenda kaanike." Mpe ndoo mkononi, simama naye mpaka amwage ya kwanza.