Barua kwa mwanangu: mashahidi wa Roswell na karatasi mkononi mwa jenerali

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na picha ulizoambatanisha. Unauliza mambo mawili kwa pumzi moja: mashahidi wote wale wa Roswell walipata faida gani kudanganya, na kama hawakudanganya, kwa nini baba yako hutikisa kichwa kila inapotajwa habari ya chombo cha anga za mbali kilichoanguka New Mexico mwaka 1947. Ukaongeza, kwa uchokozi wako ule ule, kwamba mtu aliyefanya ukarani wa mahakama hadi kustaafu anapaswa kuwaheshimu mashahidi.

Nawaheshimu sana. Ndiyo maana sianzi kwa kuuliza nani mkweli na nani mwongo. Nauliza maneno haya yalisemwa lini kwa mara ya kwanza, na msemaji alikuwa ameshasikia nini kabla hajafungua mdomo. Mtu anaweza kula kiapo, akasema kwa moyo mweupe kabisa, na bado akatueleza jambo lililojijenga kichwani mwake kwa miaka 30 ya mazungumzo na televisheni. Huyo si mwongo. Ila na mimi siwezi kumtegemea.

Kwa hiyo tupange jalada kwa tarehe. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu 9 vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier. Magazeti yakazua jina la visahani vinavyoruka, na ndani ya wiki mbili nusu ya Marekani ilikuwa imekodoa macho juu. Katika joto hilo William Brazel, msimamizi wa ranchi moja mbali na mji wa Roswell, alikwenda kwa sherifu George Wilcox na habari ya takataka alizoziokota malishoni. Kambi ya jeshi ikamtuma Meja Jesse Marcel, ofisa wake wa upelelezi. Tarehe 8 Julai ofisa habari wa kambi, Luteni Walter Haut, akatangaza kwamba jeshi limepata kisahani. Siku hiyo hiyo mabaki yakapelekwa kwa ndege Fort Worth, Texas, na Jenerali Roger Ramey akasema ni puto la hali ya hewa na kiakisi chake cha rada. Habari ikafa hapo, ikalala kwa miaka 30 hivi.

Sasa soma alichosema Brazel katika gazeti la Roswell Daily Record la tarehe 9 Julai. Aliziona takataka hizo tarehe 14 Juni: vipande vya mpira, karatasi ya foili, karatasi nyingine ngumu, vijiti, na selotepu ambayo baadhi yake ilikuwa imechapwa maua. Mzigo wote, kwa kukadiria kwake, ulikuwa na uzito wa ratili 5 hivi, yaani kilo 2 na ushee. Halafu akasema ameshawahi kuokota maputo ya hali ya hewa mara mbili kwenye ranchi ile, na hiki hakikufanana nayo hata kidogo.

Wanaoamini habari ya chombo huishika sana sentensi hiyo ya mwisho. Wana haki, isifutwe. Lakini maua ya selotepu nayo hayafutwi. Watakwambia jeshi lilimweka Brazel kizuizini na kumpa maneno ya kusema. Inawezekana. Ila mtu aliyefundishwa cha kusema asingeachiwa amalizie kwa kumpinga jenerali mbele ya mwandishi wa habari.

Kinachonifanya nikae upande niliopo ni kwamba maneno yote mawili ya Brazel yanaingia mahali pamoja. Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani lilitoa ripoti iliyotaja Mogul, mradi wa siri uliowatumia watafiti wa Chuo Kikuu cha New York. Kazi yao ilikuwa kurusha kutoka Alamogordo misururu mirefu ya maputo yenye vipaza sauti, ili kunasa kutoka juu angani mngurumo wa majaribio ya nyuklia ya Muungano wa Kisovieti. Viakisi vya rada walivyofunga kwenye misururu hiyo vilikuwa vya foili na karatasi juu ya vijiti vyepesi, na waliokuwa mradini walikumbuka utepe wenye michoro kama maua. Msururu wa namna hiyo ukianguka haufanani na puto moja. Brazel alikuwa sahihi, na jenerali hakusema yote.

Nije kwenye picha. Hizi za ofisini kwa Ramey ni vielelezo vizuri kuliko vyote katika kesi nzima, na nasikitika kwamba watu huzitumia vibaya. Mpigaji wa nyingi kati yake anajulikana: J. Bond Johnson wa gazeti la Fort Worth Star-Telegram. Siku inajulikana, chumba kinajulikana, na negativu zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas kule Arlington. Ukitaka kuuliza kielelezo kimetoka kwa nani kikaenda kwa nani, unajibiwa. Sasa usimtazame jenerali usoni. Tazama sakafuni. Kuna karatasi kubwa ya kufungia mizigo, na juu yake foili iliyochanika, ikiwa bado imeshikana na vijiti, na kando lundo jeusi la kitu kama mpira uliooza juani.

Hapo picha inakutana uso kwa uso na shahidi. Marcel alianza kuhojiwa na Stanton Friedman, mtafiti wa habari za visahani, mwaka 1978. Katika maelezo yake yaliyochapishwa baada ya hapo alisema yeye alipigwa picha na mabaki halisi, kisha mabaki yakaondolewa, yakawekwa mengine, ndipo wakapigwa wengine. Basi chukua picha ya Marcel na picha ya Ramey uziweke pamoja. Vitu ni vile vile. Foili ile ile, vijiti vile vile. Walipobanwa, watetezi wakasema ubadilishaji ulifanyika kabla ya picha zote. Sawa, lakini hayo si maneno ya shahidi tena. Ni maneno ya wakili wake. Marcel namwona mtu mwaminifu aliyekuwa akikumbuka siku moja ya zamani sana. Picha haikuzeeka naye.

Ile karatasi mkononi mwa Ramey, ambayo umeizungushia duara jekundu na kuandika "wahanga", imepoteza muda wa watu wengi. Ni maandishi ya telegramu yaliyonaswa kwa pembeni, herufi ndogo kiasi cha kukaribia punje za filamu zenyewe. Ukiikuza, unakuza punje. Watafiti James Houran na Kevin Randle waliwahi kufanya jaribio, wakalichapisha mwaka 2002: waliwapa watu picha hiyo hiyo waisome, baadhi wakaambiwa inahusu Roswell, wengine wakaambiwa inahusu majaribio ya bomu la atomiki, wengine hawakuambiwa kitu. Maneno waliyoyasoma yalielekea kule walikoelekezwa. Na Randle si adui wa habari hii, ameandika vitabu vya kuitetea. Kwa hiyo nikikuuliza nani alikwambia kuna neno "wahanga" kabla hujaliona, usinikasirikie.

Umesema mashahidi ni wengi. Wapange. Weka upande mmoja walioshika kitu kwa mikono yao, na upande wa pili walioambiwa na baba, mume au jirani. Safu ya pili itajaa haraka. Katika safu ya kwanza, tazama kila mmoja alisema nini mwanzo na nini mwisho. Mchukue Haut, mtu wa ndani kabisa. Hati yake ya kiapo ya mwaka 1993 inasema aliagizwa na Kanali William Blanchard, mkuu wa kambi, atoe taarifa, na kwamba yeye binafsi anaamini kilikuwa chombo kutoka anga za mbali. Anaamini, basi. Hati ya mwaka 2002, iliyotolewa hadharani baada ya kifo chake, inasema alikiona chombo ndani ya hangari, pamoja na miili. Ningekuwa bado mezani kwangu, hati hizo mbili ningezibana pamoja kwa pini moja, ili hakimu asisome ya pili bila kugusa ya kwanza. Mtu aliyeona maiti za viumbe wa ajabu halafu akazisahau katika kiapo chake cha kwanza ana jambo la kueleza, na kwa bahati mbaya hayupo tena kulieleza.

Ile filamu ya upasuaji wa maiti, iliyodaiwa kuwa ya kiumbe wa Roswell, iliyotoka mwaka 1995, usinitumie tena. Ray Santilli mwenyewe, aliyeitoa, alikiri mwaka 2006 kwamba ilitengenezwa, ingawa alidai ni marudio ya filamu halisi iliyoharibika.

Lakini slaidi za mwaka 2015 nataka uzitazame taratibu. Watu walipata slaidi mbili za rangi za Kodachrome zilizoonyesha mwili mdogo, mkavu, umelazwa ndani ya kabati la kioo. Wataalamu wa filamu wakasema filamu ni ya miaka ya 1940. Ikatosha. Tarehe 5 Mei 2015 ukumbi ukajaa watu Mexico City, waliolipa kiingilio, na Jaime Maussan, mwandishi wa habari wa Mexico, akawaonyesha kwamba hiki ndicho kiumbe cha Roswell. Umri wa filamu ulikuwa sahihi, tena sana. Ila umri wa filamu hausemi kilichokuwa mbele ya kamera.

Na ndani ya picha yenyewe kulikuwa na kibao kidogo cha maelezo kando ya mwili, chenye ukungu. Wenye slaidi walisema hakisomeki. Picha ilipotoka, watafiti waliokuwa na mashaka wakapitisha kibao hicho kwenye programu ya kawaida ya kupunguza ukungu, na siku chache tu baadaye mstari wa kwanza ukasomeka: mwili uliokaushwa wa mtoto wa kiume wa miaka miwili. Chini yake, habari ya shati la pamba na mablanketi ya maziko. Kumbukumbu za hifadhi za taifa za Marekani zikakamilisha: mwili ulitolewa mwaka 1896 katika magofu ya Montezuma Castle, Arizona, na baadaye ukawekwa katika makumbusho ya Mesa Verde, Colorado.

Kosa la kusoma picha nalisamehe. Linaloniuma ni kwamba yule alikuwa mtoto wa watu, aliyevikwa shati na kufunikwa na mama yake, au yeyote aliyemzika, kisha akatolewa kaburini, akawekwa kwenye kioo, na zaidi ya miaka 100 baadaye akauziwa watu tiketi kama jini.

Usije ukadhani nazidharau picha. Tarehe 9 Desemba 1965 kimondo kikali kilionekana katika majimbo kadhaa ya Marekani na hata Kanada, na watu wa Kecksburg, Pennsylvania, wakasema kimetua msituni kwao. Walioona mwanga ule waliuona kweli. Kimondo kikizimika nyuma ya miti, jicho hukwambia kimeanguka pale pale, hata kama kiko mbali kilomita mamia. Lakini mkia wake wa moshi ulipigwa picha kule Michigan kutoka sehemu mbili tofauti, na wanaastronomia wakapima mielekeo wakakadiria kwamba njia yake iliishia eneo la Ziwa Erie, upande wa Ontario. Picha hizo ziliweza kazi hiyo kwa sababu mahali pa kamera na saa vilijulikana.

Wala usidhani naitetea serikali yao. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti mwaka 1995 kwamba jumbe zilizotumwa kutoka kambi ya Roswell kwa miaka ile ziliharibiwa, na haikuonekana nani aliidhinisha. Ripoti ya pili ya Jeshi la Anga, ya mwaka 1997, ilieleza hadithi za miili kwa sanamu za majaribio ya miavuli, ambazo zilianza kudondoshwa miaka ya 1950. Ati watu walichanganya miaka. Mimi ningeirudisha kwa mwandishi.

Na hata puto lenyewe lina mahali panaponisumbua. Msururu unaolaumiwa ni ule wa namba 4, wa tarehe 4 Juni 1947, na aliyeufuatisha hadi karibu na ranchi ni Charles Moore, mmoja wa wahandisi, kwa kumbukumbu na hesabu alizozifanya miongo kadhaa baadaye. Nikimpima Marcel kwa tarehe, na Moore lazima apite kwenye mzani huo huo. Kilichoandikwa siku yenyewe ni shajara ya Albert Crary, mkuu wa kazi pale Alamogordo. Inasema hakukuwa na urushaji kwa sababu ya mawingu. Mara hiyo hiyo inasema walirusha kipaza sauti kikiwa kimefungwa kwenye kundi la maputo. Kundi hilo lilikuwa na viakisi vya foili au halikuwa navyo? Shajara haisemi, na wanaopinga maelezo ya Mogul hapo ndipo wanapong'ang'ania, kwa haki kabisa. Ukipata likizo na bado jambo hili linakuwasha, achana na karatasi ya jenerali. Tafuta nakala ya ukurasa huo wa Crary, usome na siku zilizotangulia, kisha uniandikie umeona nini.

Baba yako