Kabla hujagusa sauti ya kompyuta kwa kodi (maagizo ya programu)

Kwa mdogo wangu unayeanza kuandika programu zinazotoa sauti: kwanza amua unashusha sauti ya nani. Ya programu yako, au ya mashine nzima? Wengi hukimbilia mashine nzima kwa kuwa mifano yake ndiyo imejaa mtandaoni. Sasa mtu anasikiliza taarabu yake huku akicheza gemu lako, nawe unamshushia vyote. Mimi nauita utovu wa adabu.

Kwenye Windows, tangu Vista, mambo haya yametenganishwa: kuna violesura viwili vya kuita kwenye kodi, ISimpleAudioVolume ni cha programu yako, IAudioEndpointVolume ni cha kifaa chenyewe. Kwenye Linux yenye PulseAudio (programu inayosimamia sauti), `pactl set-sink-volume` hugusa kifaa, `set-sink-input-volume` hugusa programu moja. Ukirithi kodi ya zamani ya Windows yenye waveOutSetVolume (amri ya kuweka kiwango cha sauti), angalia namba inayopewa. Biti 16 za chini ni spika ya kushoto, 16 za juu ni ya kulia. Ukiandika 0x8000 (0x huonyesha namba ya heksadesimali) ukidhani ni nusu, kushoto kutakuwa nusu kweli, kulia kimya kabisa. Nusu ya pande zote ni 0x80008000.

Linalowasumbua wengi zaidi ni sikio. Ukizidisha kila sampuli (namba moja ya wimbi la sauti) kwa 0.5 unapunguza desibeli (dB, kipimo cha nguvu ya sauti) 6 tu, na msikilizaji ataona sauti imepungua kidogo. Ili aisikie kama nusu, ushuke kama desibeli 10, yaani uzidishe kwa 0.32 hivi. Ndiyo maana kitufe cha kuburuta kilichounganishwa moja kwa moja na kizidisho huwa kinakera: sehemu kubwa ya juu haibadilishi kitu, halafu pale chini sauti inatoweka ghafla. Dawa yake ni rahisi: chukua thamani ya kitufe kati ya 0 na 1, ipandishe kipeo cha tatu (x × x × x). Katikati utapata 0.125, sawa na desibeli 18 chini. PulseAudio tayari hufanya hesabu hiyo. Ukiiambia 50% itakuonyesha -18.06 dB. Kwa hiyo huko usiirudie, utaishusha mara mbili.

Kupandisha kupita 1 nako kuna mtego. Sampuli ya biti 16 inaishia 32767. Ukipita hapo bila kuzuia, namba inageuka hasi na spika zinakwaruza vibaya. Ukizuia, mkwaruzo unapungua, lakini kilele cha wimbi kimekatwa na sauti imeharibika.

Usibadilishe kiwango kwa mkupuo pia, utasikia "tak". Kisambaze kwenye milisekunde 10. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo ni 441.

Na kama ni ukurasa wa wavuti, ujaribu kwenye iPhone. Apple wameacha sauti mikononi mwa mwenye simu, hivyo `volume` ya JavaScript haibadilishi chochote. `muted` inakubali. Hapo weka kitufe cha kuzima na kuwasha tu, kile cha kuburuta kifiche.