Jibu: Miezi sita bila mshahara, nikubali?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali kujitolea miezi sita kwenye ghala pale Nakawa, Kampala, kwa sababu wamekuahidi uzoefu. Waulize kwanza: nani atanifundisha, na nini? Wakibabaika, ujue wanatafuta mbebaji wa bure.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamhesabu mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi, mwenye mkataba kuwa mwajiriwa, kwa hiyo dai karatasi: tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi, jina la msimamizi wako. Kima cha chini cha mshahara usikitegemee. Kilichopo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilipangwa 1984! Nauli ya siku chache tu inakimaliza.

Na hiyo nauli ndiyo inayoniuma. Kijana anatoka Mukono alfajiri, anapanga makreti mpaka jioni, na pesa ya teksi anapewa na mama anayeuza nyanya. Hapo mama ndiye anayemfadhili tajiri.

Mimi ningekubali miezi miwili, nauli na chakula cha mchana juu yao, na barua ya mwisho itaje kazi ulizofanya. Wakikataa hata nauli, achana nao.