Punguzo la kliniki Australia: ruksa, ila masharti yaonekane
Kliniki kutangaza punguzo Australia ni ruksa mkuu, ila masharti ya ofa lazima yawe kwenye tangazo lenyewe. Hiyo iko kwenye sheria ya wahudumu wa afya kifungu cha 133, kinakataza kutangaza punguzo au zawadi bila kutaja masharti yake, na wanaofuatilia ni AHPRA (wakala wa kusimamia wahudumu wa afya huko), kwahiyo daktari wa meno akiposti “kusafisha meno nusu bei” bila kusema inaisha lini na nani anastahili, ashajitia matatani. Ukiandika “bure” afu hela unaidai Medicare (bima ya afya ya serikali) au unaipandishia huduma nyingine, hiyo wanahesabu umepotosha watu. Botox (sindano ya kuondoa mikunjo usoni) ndo usiguse kabisa kwenye matangazo, ni dawa ya cheti cha daktari, kuitangaza kwa wateja hairuhusiwi hata kwa bei kamili.