Jibu: Wasimamizi wa lambo la Uthiramerur walipatikanaje?

Ndugu, umeuliza kama wanakijiji wa Uthiramerur, Tamil Nadu, kusini mwa India, kweli walipiga kura enzi za wafalme wa Chola. Walichotumia ni kura ya kuokota. Maandishi ya mwaka 919 na 921, yaliyochongwa kwenye ukuta wa mawe, yanaeleza kwamba kijiji kiligawanywa mitaa 30. Kila mtaa uliandika majina kwenye vipande vya majani, vikatiwa chunguni, kisha mtoto mdogo akaokota kimoja mbele ya mkutano wote. Katika hao 30, 12 waliingia kamati ya mwaka, 12 kamati ya bustani, 6 kamati ya lambo. Walihudumu siku 360.

Masharti yalikuwa makali: umri wa miaka 35 hadi 70, ardhi inayolipa kodi, nyumba katika kiwanja chako, ujuzi wa Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu. Kwa hiyo wanawake na matabaka ya chini hawakuwamo, na hilo lisifichwe. Kinachonivutia zaidi ni hiki: aliyewahi kukaa kwenye kamati bila kutoa hesabu alizuiwa kuchaguliwa, yeye na jamaa zake.

Na lambo lilihitaji watu hao. Tope lisipochimbwa, kina hupungua, mvua kubwa hupita juu ya tuta na kulibomoa, na mpunga hukosa maji kiangazi.