Slade wanaimba kama wamesinzia: majibu kwa wenye santuri

Nimenunua Sladest, mkusanyo wa nyimbo zilizovuma za Slade, bendi ya roki ya Uingereza, wa mwaka 1973. Majina ya nyimbo yana makosa ya Kiingereza, na wimbo wao wa Noeli haumo. Nimeuziwa feki? Msomaji, Katuba, Lubumbashi.

Hapana, Papa. Slade wenyewe waliamua kuandika hivyo, wakifuata matamshi ya kwao, upande wa Wolverhampton. Ungeona "Cum On Feel the Noize" imeandikwa kwa tahajia ya shuleni, hapo ndipo ungeshtuka. "Merry Xmas Everybody" ilitoka Desemba 1973, na Sladest ilikuwa madukani tangu Septemba. Ukiutaka wimbo huo, tafuta Slade Smashes ya 1980.

Lakini usiidharau uliyo nayo. Slade walikuwa watu wa santuri ndogo za mizunguko 45. Nyimbo zao 6 zilishika namba moja Uingereza, na kati ya hizo ni "Mama Weer All Crazee Now" tu iliyowekwa kwenye albamu yao ya studio ya huko, Slayed? ya 1972. Sladest inakupa 5 kwa mkupuo.

Mwanangu ameniletea mashine ya santuri kutoka Marekani. Naiwasha kwa transfoma ya volti 110, lakini Noddy Holder, mwimbaji wa Slade, mtu wa kupaza sauti, anaimba kama amesinzia. Transfoma mbovu? Mama wa Kamalondo.

Transfoma ni nzima, Mama. Kazi yake ni kushusha volti; hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, haizigusi. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na mota nyingi za zamani za umeme wa AC, ule wa ukutani, huzunguka kwa kufuata hezi. Badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unapata karibu 27.8. Sauti inashuka nusu-toni 3 na kidogo, na wimbo wa dakika 3 unachukua dakika 3 na sekunde 36.

Hakikisha kwanza. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayozungusha santuri, weka santuri, shusha sindano, kisha hesabu mizunguko kwa dakika moja. Ukipata karibu 28, tatizo ni hezi. Dawa yake ni puli, kigurudumu cha mota, ya hezi 50 ya modeli hiyohiyo, ambayo kipenyo chake ni kikubwa kwa sehemu moja ya tano. Mafundi wengine huinenepesha puli ya zamani kwa utepe. Usikubali: pale utepe unapokutana panakuwa na kinundu, na sauti itayumba kila puli inapozunguka.

Kama mwendo haushuki moja kwa moja bali unapanda na kushuka, tazama mkanda wa mpira; huenda umelegea na unateleza. Na asitokee mtu nyumbani akaichomeka bila transfoma: kwa volti 220 mota itaungua.

Sindano ni mpya, lakini nyimbo za mwisho za kila upande zinakwaruza. Msomaji, Kampemba.

Ukingoni mwa santuri kubwa ya mizunguko 33⅓, mfereji hupita chini ya sindano kwa karibu sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Muziki uleule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, kwa hiyo uchafu au uzito mbaya wa mkono unaobeba sindano hujionyesha hapo kwanza.

Anza na vumbi jekundu la kiangazi. Lita moja ya maji yaliyotoneshwa, matone 2 ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Futa kwa kufuata mifereji, usiikatize, na lebo isilowe. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, kisha isimamishe ikauke kivulini. Maji ya bomba huacha chokaa, nayo hutatarika.

Kisha mkono. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawasawa, weka namba kwenye sifuri, halafu ongeza hadi gramu alizoandika mtengenezaji, mara nyingi 1.5 hadi 2 kwa kichwa cha sumaku, kile kinachoshika sindano. Wengi hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno hurukaruka na kuchubua kuta za mfereji. Sarafu juu ya kichwa nayo si dawa.

Spiriti iweke mbali na santuri za mizunguko 78, kama zile za gitaa la Mwenda Jean Bosco ambazo bado zimo kwenye makabati ya wazee wengi. Hizo ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha.